Siku Mama Rosalie Alipokagua Golf

Mama Rosalie aliendesha lori la machimbo kule Kakontwe, Likasi, maisha yake yote ya kazi, na hakuna hata siku moja lori lile lilipokimbia. Lilikuwa kubwa kama nyumba. Alipanda ngazi kuufikia usukani, akapakiwa mawe ya chokaa, akapanda nayo kutoka shimoni polepole huku moteri ikilalamika, akayamwaga, kisha akarudi kuchukua mengine. Wanaume waliomcheka wiki yake ya kwanza ndio waliokuja baadaye kumwomba awaonyeshe namna ya kurudi kinyumenyume bila kugusa ukingo wa shimo. Jioni alifika nyumbani mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, na watoto wa avenyu yao wakamwita Mama Unga. Aliwajibu kwa kupiga honi ya mdomo, wakatawanyika wakicheka.

Siku alipopumzishwa kazi walimpa kitenge, soda na hotuba. Nchi hii ina tabia ya ajabu: watu waliohamisha milima yake huagwa kwa kitenge na soda. Mama Rosalie alikipokea kitenge, akainywa soda, akaisikiliza hotuba mpaka mwisho, na wenzake wakashangaa kwamba hakutoa chozi. Hawakujua kwamba moyoni alikuwa amekwisha kuondoka. Alikuwa barabarani, katika gari dogo.

Hakutaka gari la kubebea magunia, wala kigari cha taksi. Alitaka gari dogo lenye nguvu, lile ambalo ukiligusa tu linaitika. Miaka yote ile ya kupanda shimo kwa mwendo wa kobe ilikuwa imemwekea mguuni kiu fulani, na sasa akiba yake ilikuwa tayari, mguu nao ulikuwa tayari.

Ndivyo alivyojikuta Jumamosi moja asubuhi katika kiwanja cha Ricky cha kuuzia magari, kando ya njia inayokwenda Kamatanda, mbele ya Golf GTI nyekundu iliyotoka Ubelgiji. Ricky, kijana mwembamba mwenye miwani ya jua iliyopandishwa kwenye paji la uso, alikuwa ameiosha mpaka matairi yakang'aa kama viatu vya harusi. Ndani, viti vilikuwa vya kitambaa cha mirabamiraba, na usukani ulikuwa umekatwa bapa upande wa chini.

"Mama, hii haiko motokari," alisema Ricky. "Hii iko mushale."

"Mushale haina karatasi ya douane," alijibu Mama Rosalie. "Hii iko nayo?"

"Iko nayo, mama. Yote iko propre."

Karatasi za forodha zilikuwa safi kweli. Lakini karatasi haiwezi kukuambia hali ya moteri, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Likasi nzima, fundi mmoja tu ndiye ambaye Mama Rosalie alimwamini kukagua gari kabla ya kununuliwa. Jina lake Ghislain, mwenye gereji ndogo nyuma ya soko, mtu mrefu, mpole, asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Na Ghislain, tangu miezi michache iliyopita, alikuwa mume wa Carine, binti pekee wa Mama Rosalie.

Alikuwa mkwe, tena mkwe ambaye hajaingizwa.

Katika ukoo wa Mama Rosalie jambo hili halikuwa la mzaha. Mpaka siku mama mkwe atakapompa mkwe wake chakula kwa mkono wake mwenyewe, wawili hao hawasemezani uso kwa uso, hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, wala hawaketi katika gari moja. Siku hiyo ya kumwingiza ilikuwa imepangwa na kuahirishwa, ikapangwa tena na kuahirishwa tena, kwa sababu dada mkubwa wa Mama Rosalie, Élisabeth wa Kolwezi, alitaka ifanywe kwa kuku, nguo na waimbaji, naye hakuwahi kuwa na nafasi. Kwa hiyo kila neno kati ya mama mkwe na mkwe lilipita kwa Carine.

Carine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya wazi, aliyezoea kueleza. Nani angefaa zaidi kubeba maneno? Kulikuwa na jambo moja tu ambalo mama yake hakulifikiria vizuri. Carine hakulitaka kabisa gari hilo. Kila alipofumba macho aliona malori ya madini yakishuka barabara ya Kambove bila huruma, na katikati yake mama yake katika kigari chekundu.

Ghislain alifika pamoja na Carine, mfuko wa vifaa mkononi. Alipomwona mama mkwe kando ya gari, aligeuza uso upesi akaanza kuutazama ukuta kana kwamba ukuta ndio uliokuwa ukiuzwa. Mama Rosalie naye akajitanda kitenge mabegani, akaenda kusimama penye lango, mgongo wake ukiwaelekea.

"Vraiment munafanya hivi mu karne hii?" aliuliza Ricky.

"Fungua kapo," alisema Ghislain.

Kabla kifuniko cha moteri hakijafunguka, Ghislain aliweka kiganja juu ya bati jekundu, akakiacha hapo.

"Juu ya nini iko na joto?"

"Ah, yaya," alisema Ricky kama anayemwambia kaka yake mkubwa, "batiri ilikuwa inalala, nikaiamusha kidogo mbele mufike."

"Tutangoja ipoe."

"Tutangoja? Yaya, jua hii itaipoza namna gani?"

"Tutangoja tu. Moteri yenye imeamushwa inaficha kikohozi yake. Minye ninataka kuisikia ikiamuka yenyewe."

Carine alikwenda langoni. "Mama, anasema Ricky aliwasha moteri kwa siri."

"Anasema kwa siri?"

"Anasema iko na joto. Siri iko yangu."

Walipokuwa wakingoja, Ghislain alilizunguka gari. Alichuchumaa mbele ya kila gurudumu, akapitisha kidole kwenye nafasi kati ya mlango na mlango, akafungua buti na kuinua zulia. Penye bawa la mbele, lile bati linalofunika gurudumu, upande wa kushoto, alikaa muda mrefu. Kwenye mpira wa taa aliona chembe za rangi nyekundu, ndogo kama mbegu za mtama, na vichwa vya bolti vilikuwa na makovu ya spana. Akawasha tochi yake ndogo, akalala chali kwenye changarawe, akajisukuma chini. Alipotoka alikuwa na vumbi mgongoni na uso uliotulia.

"Umuambie mama," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "huku iliguswa kidogo. Bawa ilibadilishwa, ikapakwa rangi. Lakini mifupa yake iko sawa, haikupindika."

Carine alitembea mpaka langoni. "Mama, anasema ilipata accident."

"Kubwa?"

"Bon... accident iko accident."

Kwa bahati mbaya hakukuwa na lori lililokuwa likipita wakati huo, na Ghislain akasikia. Akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Angewezaje kumsahihisha mkewe mbele ya mama mkwe ambaye hana ruhusa ya kumsemesha? Akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Carine aliporudi alimshika kiwiko.

"Sikusema vile."

"Mupenzi, nilifupisha."

"Ulifupisha mpaka ukaongeza?"

Mama Rosalie, mgongo ukiwa umewaelekea bado, alitega sikio. Kukohoa kule hakukumpita. Mtu aliyekaa na moteri maisha yake yote hujua kikohozi cha ugonjwa na kikohozi cha mtu mwenye neno.

Kisha akataka kukijaribu kiti. Hapo ikabidi Ghislain aondoke, aende kusimama nyuma ya kontena la Ricky, mrefu kama alivyokuwa, bega moja likionekana pembeni. Mama Rosalie akaingia katika Golf, akafunga mlango, na kiwanja chote kikapotea. Kiti kilimkumbatia mbavuni. Usukani ulikaa mikononi kama mtoto anayejua kubebwa. Hakuwasha kitu. Aliweka tu mguu juu ya kichapuzi, bila kukandamiza, akafumba macho.

"Mama," alisema Carine dirishani, "unacheka peke yako."

"Sijacheka."

"Meno yote iko inje."

"Acha ipigwe hewa."

Alipotoka na kurudi langoni, Ghislain naye akatoka nyuma ya kontena. Moteri ilikuwa imepoa. Akaweka sikio karibu, akamwashiria Ricky azungushe ufunguo.

Golf ikaamka. Haikugonga wala haikupiga kelele ya minyororo, na nyuma hapakutoka moshi, si wa bluu wala mweusi. Ilinguruma mara moja, ikashuka, ikatulia. Ghislain akafungua kifuniko cha oili, akakinusa, akakitazama chini ya jua, akakirudisha. Na uso wake, ule uso usiojua kusema uongo, ukaanza kufunguka. Akaingia na Ricky, akashika usukani mwenyewe, wakatoka langoni wakikipita kitenge cha Mama Rosalie, ambaye alijifunika macho kama inavyotakiwa.

Hakujifunika masikio. Alilisikia gari likipanda kilima kuelekea Kamatanda. Alisikia gia ya pili ikipokelewa na ya tatu, kisha turbo ikavuta pumzi kama mtu aliyeingia maji baridi. Alisikia pia, lilipokuwa likirudi na kupunguza mwendo, mlio mwembamba wa chuma juu ya chuma. Akakunja paji la uso.

Ghislain alishuka akiwa anacheka. Alijaribu kujizuia, lakini kicheko kilimtoka puani. Akamweleza Carine mambo mengi kwa mikono yote miwili, na Carine akatikisa kichwa, akatikisa kichwa, kisha akaja langoni na uso wa mtu anayetoka matangani.

"Mama, pole. Anasema boîte, sanduku ya gia, inakufa. Moteri inakunywa oili. Anasema utafute kitu ingine ya polepole, ya mama mukubwa."

Mama Rosalie aligeuka. Alimtazama binti yake, kisha kwa pembe ya jicho, kinyume cha desturi, akamtazama mkwe wake aliyekuwa bado anaipapasa Golf begani kama ng'ombe wa kununuliwa.

"Carine."

"Mama."

"Muntu mwenye amekuta boîte inakufa, anashuka mu motokari meno inje?"

"Iko vile alizaliwa."

"Na alisema 'mama mukubwa'? Ghislain? Ule mwenye anaonea ukuta haya?"

Carine alitazama chini. Vidole vyake vilishika pindo la blauzi. "Mama, ile malori ya barabara inanitisha. Nikisikia uko inje, silali. Siko na mama mungine."

Hapo Mama Rosalie angeweza kukasirika, na angekuwa na haki. Ni mara ngapi mwanamke hapa kwetu hufanya kazi ya wanaume wawili, halafu siku anapotaka kitu kimoja kwa ajili ya moyo wake, nyumba nzima inakumbuka kwamba anaweza kuumia? Shimoni Kakontwe, juu ya lori lenye breki za kuomba Mungu, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Lakini aliiona midomo ya binti yake ikitetemeka, na hasira ikamshuka kabla haijapanda.

"Weye nakusikia," alisema. "Lakini ukweli ya hii motokari nataka kuisikia kwa mwenye alilala chini yake. Sasa hivi. Kwa mudomo yake."

"Mama, hawezi. Hujamuingiza."

"Basi, nitamuingiza."

"Hapa? Kwa Ricky?"

Mama Rosalie alikuwa amekwisha kutoa simu. Dada yake aliitika kutoka Kolwezi katika kelele za sokoni, na sauti ikasikika mpaka kwenye kontena.

"Élisabeth, minye namuingiza mukwe leo."

"Leo? Na kuku?"

"Kuku itafuata."

"Na nguo? Na bale ba mama ya kuimba? Rosalie, uko mugonjwa?"

"Niko mu kiwanja ya kuuzisha motokari. Sema ndiyo ao hapana. Miezi yote hii tunakungojea weye."

Kicheko kikubwa kikatoka simuni. "Ulikuaka vile tangu butoto. Ndiyo! Lakini asikule hewa. Umupe kitu ya kutafuna!"

Njiani alikuwa akipita mama mmoja na beseni kichwani, akiuza kikanda, ile keki ya mizizi na karanga, ya rangi ya kahawia, yenye pilipili, ambayo watu wa hapa hula wakiwa wamesimama. Mama Rosalie akamwita, akamkatisha kipande kikubwa juu ya jani, akavuka kiwanja. Ghislain alipomwona anakuja moja kwa moja alirudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka mgongo ukagonga kontena.

"Carine," alisema kwa hofu, "mama anakuja. Mama anakuja!"

"Simama tu," alisema Carine, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alianza kucheka.

Mama Rosalie alitandika kitenge chake juu ya kapo nyekundu, kikawa kitambaa cha meza. Akaweka jani katikati.

"Ricky, weye utakuwa mushahidi."

"Mushahidi wa nini, mama? Minye ninauzisha motokari tu."

"Toa miwani ku kichwa, simama vizuri."

Ricky akatoa miwani, akasimama kama altareni. Mama Rosalie akakata kikanda kwa mkono wake, akanyoosha mkono.

"Ghislain, mukwe wangu. Wengine wanaingizwa mu nyumba. Weye nakuingiza juu ya moteri. Kula. Kuku yako itakuja, nimeapa. Kuanzia leo macho yangu na yako yaonane."

Ghislain alipokea kwa mikono miwili, magoti yakiwa yamekunjika kidogo, akala. Pilipili ilikuwa kali, machozi yakamjaa, na hakuna aliyejua kama yalikuwa ya pilipili. Desturi ilidai naye atoe kitu. Alipapasa mifuko, akakuta ufunguo wa gereji, kitambaa cha mafuta, na tochi yake ndogo. Akaiweka tochi juu ya jani tupu, akainamisha kichwa.

"Aksanti, mama. Siko na kingine."

Mama wa kikanda, beseni bado kichwani, alipiga vigelegele. Mtu fulani ng'ambo ya barabara akaitikia bila kujua sababu. Ricky akapiga makofi, na Carine akamkumbatia mama yake kwa nyuma.

"Bon," alisema Mama Rosalie akijipangusa macho. "Sasa sema. Boîte inakufa?"

Ghislain alimtazama mkewe, kisha akamtazama mama mkwe wake usoni, waziwazi, kwa mara ya kwanza.

"Hapana, mama. Boîte iko muzima. Moteri iko muzima sana, haikunywe oili. Ingekuwa ya kwangu ningelala ndani."

"Aa!" Mama Rosalie alipiga kiganja.

"Lakini hautaiendesha leo."

Kiganja kikabaki hewani.

"Breki za mbele zimeisha," aliendelea Ghislain bila kurudi nyuma. "Chuma inasugua chuma. Na gurudumu ya kushoto, penye iliguswa, iko na ruma, ile beringi yake, imechoka. Mama, minye ndiyo mukwe wako sasa hivi tu, unaweza kunifukuza. Lakini ukitoka hapa na hii breki, nitalala mbele ya lango."

Ricky alianza kusema kitu juu ya breki za Ubelgiji, akakiacha. Mama Rosalie alikuwa ameota kutoka kiwanjani mle akiwa nyuma ya usukani. Aliota hivyo wiki nzima, na hata viatu alivyovaa alivichagua kwa ajili ya pedali. Na siku ya kwanza ambayo mkwe wake alimsemesha katika maisha yake, alimzuia.

Akaichukua ile tochi juu ya jani.

"Nionyeshe."

Wakapiga magoti pamoja mbele ya gurudumu la kushoto, mama mkwe na mkwe, vichwa vyao karibu kugongana, mwanga ukipita katikati ya vyuma. Aliuona mfuo mrefu uliokatwa kwenye diski. Akaupitishia ukucha.

"Huu njo ulikuwa unalia mukirudi," alisema.

"Uliusikia kutoka langoni?"

"Mutoto, nilisikia hata ulichelewesha gia ya tatu."

Ghislain akaangua kicheko, naye akacheka, na wakabaki pale chini wakicheka mpaka Ricky akauliza kama mnunuzi bado yupo. Alikuwapo. Mazungumzo ya bei hayakuchukua muda, maana muuzaji aliyekwisha kuwa shahidi wa mkwe hana ubavu wa kubishana na mama mkwe. Ricky alikubali kupunguza kiasi cha breki na ruma, na Ghislain akaivuta Golf mpaka gereji kwa kamba, polepole, nyuma ya gari la kuazima, Mama Rosalie akitembea pembeni kama anayesindikiza bibi harusi.

Jumamosi iliyofuata, breki mpya zikiwa zimezoea kazi, waliondoka watatu kwa barabara ya Kambove. Mama Rosalie aliendesha. Ghislain alikaa mbele kando yake, magoti yamemfika kidevuni. Carine alikaa nyuma, mikono miwili imeshika kiti, macho yakihesabu malori. Mama yake aliliacha kila lori litangulie mpaka njia ionekane safi mbali, kisha akapokea gia, akagusa, na gari likaitika. Wakalipita kwa pumzi moja.

"Uliona vile inavuta ku tatu?" alisema Mama Rosalie.

"Niliona, mama. Lakini ku mbili unaiacha mapema."

"Ku mbili? Weye mwenye ulichelewesha tatu unanifundisha mbili?"

"Nilichelewesha juu Ricky alikuwa anapiga kelele!"

Waliendelea hivyo kilomita baada ya kilomita, juu ya gia, juu ya oili, juu ya lori la zamani la Kakontwe na fundi wake aliyekuwa akiogopa panya. Miezi ya kimya ilikuwa ikitoka yote kwa mara moja. Carine aliachia kiti, akasogeza kichwa kati ya mabega yao.

"Na mie? Munasema nini? Mama! Ghislain! Munieleze basi."

"Ngoja kidogo, mwana," alisema Mama Rosalie bila kugeuka. "Mukwe wangu, ulikuwa unasema nini ya turbo?"